Nukta Moja ya Pigano: Wachoraji wa Ugiriki ya Kale na Uhakiki wa Visasili vya Vita

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha majibu ya wanafunzi kuhusu masimulizi ya majagina anayajua majibu ya aina hii: jagina alizaliwa, akakua, akapigana na maadui, akashinda, akasalitiwa, akafa. Mwanafunzi amesimulia kila kitu na hajahakiki chochote. Ukimwuliza ni kwa nini mtunzi alilipa pigano moja beti hamsini na jingine ubeti mmoja tu, au ni kwa nini masimulizi yanakomea kwenye maiti badala ya kukomea kwenye ushindi, anabaki kukutazama. Kosa si lake peke yake. Tumemzoesha kuuliza, "Nini kilitokea?" Hatujamzoesha kuuliza, "Kwa nini tunaonyeshwa hiki wala si kile?"

Makala haya yananuia kupendekeza njia moja ya kulifundisha swali hilo la pili. Mifano inatoka mbali na kwetu: vyombo vya udongo vya Ugiriki ya kale, hasa vile vilivyochorwa Athens na viunga vyake kati ya karne ya 7 na ya 5 K.K., ambavyo vilipambwa kwa mapigano ya miungu, majagina na mazimwi. Sababu ya kuvichagua ni nyepesi. Msimulizi ana usiku mzima wa kusimulia. Mshairi ana beti mia mbili. Mchoraji wa mtungi ana ubavu mmoja wa mtungi. Vita vya miaka kumi sharti vienee mahali pasipozidi upana wa viganja vichache. Kwa hiyo, hana budi kuchagua nukta moja ya kisa na kuziacha nyingine zote. Hoja ya makala haya ni kuwa uteuzi huo ndio uhakiki wenyewe. Anayechagua nukta ya kuonyesha ameshaamua kisa kinahusu nini, nani astahili kuhurumiwa, na ushindi una thamani gani.

Vyombo na mafundi wake

Ni vyema tuanze kwa kuvielewa vyombo vyenyewe. Havikuwa mapambo ya kutundikwa ukutani, bali vyombo vya kazi. Amfora ilikuwa mtungi wa mikono miwili wa kuwekea divai au mafuta. Haidria ilikuwa mtungi wa mikono mitatu wa kuchotea na kubebea maji. Krateri ilikuwa bakuli kubwa la kuchanganyia divai na maji karamuni. Aidha, kulikuwa na vikombe vipana vya kunywea, ambavyo picha ya ndani iliibuka polepole kadiri divai ilivyopungua. Baadhi ya vyombo vilizikwa pamoja na wafu, na vingi vya vile vilivyosalia vizima viligunduliwa Italia katika makaburi ya Waetruski, waliokuwa wateja wakubwa wa wafinyanzi wa Athens.

Kulikuwa na mitindo miwili mikuu. Mtindo wa maumbo meusi ulianzia Korintho yapata 700 K.K., ukaenea Athens baadaye katika karne hiyo. Mchoraji alipaka umbo zima kwa udongo laini uliochujwa, kisha akalikwaruza kwa kifaa chenye ncha kali ili kuonyesha macho, misuli na nakshi za mavazi. Ngozi ya wanawake aliitia rangi nyeupe. Mtindo wa maumbo mekundu ulibuniwa Athens yapata 525 K.K., nao uligeuza mambo: sehemu zote zinazolizunguka umbo zilijazwa weusi, umbo likaachwa katika rangi ya udongo, na mistari ya ndani ikachorwa kwa brashi. Brashi huteleza mahali ambapo ncha ya chuma hukwaruza, na kwa hivyo wachoraji wa mtindo huu waliweza kuonyesha mikunjo ya nguo, uchovu wa mwili na maumivu ya uso kwa wepesi zaidi.

Weusi wenyewe haukuwa rangi ya dukani. Ulitokana na moto. Fundi aliruhusu hewa iingie katika tanuri, akaizuia, kisha akairuhusu tena, katika joto lililokaribia au kupita digrii 900 za selsiasi. Sehemu zilizopakwa udongo laini zilibaki nyeusi, na zile zisizopakwa zikarudia wekundu wake. Mhakiki wa ushairi hawezi kupuuza vina na mizani. Vivyo hivyo, anayehakiki michoro hii hawezi kupuuza mkwaruzo na brashi.

Mchoraji kama fanani

Kuna dhana potovu kwamba wachoraji hawa walikuwa wakichora tu picha za kuandamana na Iliad ya Homer. Ukweli ni kuwa Iliad inasimulia majuma machache tu ya mwaka wa kumi wa Vita vya Troy, nayo inaishia kwenye mazishi ya Hector. Kifo cha Achilles hakimo. Kujiua kwa Ajax hakumo. Pigano la Achilles na Penthesilea, malkia wa Waamazoni, halimo. Visa hivyo vilisimuliwa katika tenzi nyingine, mojawapo ikiwa Aithiopis, ambayo imepotea na tunaijua zaidi kwa muhtasari unaohusishwa na Proclus. Zaidi ya tenzi hizo kulikuwa na masimulizi ya mdomo. Iliad yenyewe, kama walivyodhihirisha Milman Parry na Albert Lord katika karne ya 20, ina mizizi yake katika utungaji simulizi.

Kwa hivyo, mchoraji hakuwa na kitabu kimoja cha kunakili. Alikuwa fanani miongoni mwa mafanani. Alikirithi kisa kutoka kwa jamii, hadhira yake ilikijua, naye akakitoa upya kwa namna yake. Mfano mzuri ni kikombe chenye sahihi ya mfinyanzi Sosias, cha yapata 500 K.K., kilichoko Berlin. Ndani yake Achilles anamfunga Patroclus kidonda cha mkono. Patroclus ameketi juu ya ngao yake, amegeuza uso pembeni, meno yake yanaonekana kwa uchungu, na mguu wake mmoja unasukuma ukingo wa duara la picha kana kwamba anatafuta pa kujizuilia. Achilles, muuaji mkuu wa vita hivyo, ameinamia kitambaa kwa makini kama mtu anayeshona nguo.

Tukio hili halimo katika Iliad. Humo, Patroclus ndiye anayemtibu mwenzake mwingine, Eurypylus. Je, mchoraji alikosea? Hasha. Amefanya jambo ambalo kila msimulizi hufanya: ameuhamisha uganga wa vidonda kutoka kwa mhusika mmoja hadi kwa mwingine, au ameshika toleo ambalo halikutufikia. Kwa kufanya hivyo, ametufanya tuuone uhusiano wa wawili hao kabla ya kifo kilichouvunja. Kila aliyekuwa akinywea kikombe hicho alijua kuwa Patroclus angekufa, na kwamba Achilles asingekuwapo kumfunga kidonda hicho cha mwisho. Hicho ni kinaya, nacho kimetolewa bila neno hata moja.

Hapa pana funzo kwetu sisi walimu. Mara nyingi mwanafunzi hutoa toleo la ngano au mughani alilolisikia kwa nyanyake, nasi tukamwambia kuwa amekosea kwa sababu halilingani na lile la kitabuni. Vyombo hivi vinatukumbusha kuwa tofauti za matoleo ni sehemu ya uhai wa fasihi simulizi. Swali la kuulizwa ni nini kimebadilika na badiliko hilo limezaa maana gani.

Wachoraji wengine walihofia kwamba hadhira ingepotea, wakaandika majina kando ya wahusika. Krateri maarufu iitwayo Chombo cha François, iliyochorwa na Kleitias na kufinyangwa na Ergotimos yapata 570 K.K., ina maumbo zaidi ya 200 na maandishi zaidi ya 100. Iko katika jiji la Florence, na mwaka 1900 ilivunjwa vipande 638 na mlinzi wa makumbusho, kisha ikaunganishwa upya. Shingoni mwake wanadamu waitwao Walapithi wanapigana na senta, viumbe ambao nusu ni mtu na nusu ni farasi. Miongoni mwao yumo Kaineus, ambaye mwili wake haukupenyeka kwa silaha yoyote. Senta wameshindwa kumchoma, kwa hiyo wanampigilia ardhini kwa mawe na magogo kama mtu anayekita nguzo. Motifu ya jagina asiyepenyeka kwa silaha si ngeni kwa mwalimu yeyote anayemjua Fumo Liyongo, ambaye tutamrejelea baadaye.

Kabla, wakati na baada

Wachoraji wa mwanzo hawakuona ulazima wa kushika nukta moja. Katika amfora kubwa ya Eleusis, ya katikati ya karne ya 7 K.K., iliyotumiwa kumzikia mtoto, Odysseus na wenzake wanalitoboa jicho la zimwi Polyphemus. Zimwi bado lina kikombe cha divai mkononi. Tukifuata mpangilio wa masimulizi, zimwi lilikunywa kwanza, likalewa, likalala, ndipo likatobolewa jicho. Mchoraji amezikusanya nukta hizo katika picha moja, kwani kikombe ndicho kinachoeleza sababu na mti uliochongwa ndio unaoeleza matokeo.

Baadaye nukta moja ilizidi kutawala. Mwaka 1766, mhakiki Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing alijadili jambo hili katika kitabu chake Laokoon. Alisema kuwa mshairi hutenda kazi katika mfululizo wa wakati, ilhali mchoraji ana nukta moja tu, na kwa hiyo yampasa achague ile inayoiachia fikira nafasi ya kuendelea. Kwa maoni yake, kilele cha tukio si nukta bora, maana baada ya kilele fikira haina pa kwenda. Tuvitazame vyombo vitatu tuone kama kauli hiyo inasimama.

Cha kwanza ni amfora ya Exekias, fundi wa Athens, iliyoko Boulogne-sur-Mer nchini Ufaransa. Ni ya yapata 540–530 K.K. Kisa ni kujiua kwa Ajax. Baada ya Achilles kufa, silaha zake zilitunukiwa Odysseus badala ya Ajax, naye Ajax hakuweza kuistahimili fedheha hiyo. Wachoraji waliomtangulia Exekias walionyesha maiti ikiwa imechomwa na upanga. Exekias alirudi nyuma kidogo. Ajax amechutama peke yake, anaushindilia udongo kuzunguka upanga ili usimame wima. Paji la uso limekunjamana. Upande mmoja pana mtende. Upande wa pili pana ngao na kofia yake ya vita, kana kwamba ndizo mashahidi pekee. Hakuna damu. Kinachotisha ni utulivu wa mikono. Ni mikono ya mkulima anayepanda mche. Hapa Lessing anathibitishwa: nukta ya kabla imetuachia sisi kazi ya kumalizia.

Cha pili pia ni cha Exekias, cha kipindi hicho hicho, na kiko katika Makumbusho ya Uingereza jijini London. Achilles anamuua Penthesilea. Hii ni nukta ya kilele hasa: mkuki umeshaingia shingoni na damu inaruka. Kofia ya chuma imeufunika uso wa Achilles, tukaachiwa jicho tu. Uso wa Penthesilea uko wazi, mweupe dhidi ya weusi wa aliye juu yake, naye amegeuka kumtazama. Macho yao yanakutana. Muhtasari wa Aithiopis unatueleza kuwa Achilles alimuua baadaye mwenzake Thersites kwa kumkejeli kuhusu mapenzi aliyodaiwa kuwa nayo kwa Penthesilea. Aliyekijua kisa hicho aliona katika mstari huo wa macho jambo zima: mwanzo wa kumjua mtu na mwisho wake vimetokea wakati mmoja. Hapa Lessing anapingwa. Kilele hakikuizuia fikira, kwa sababu mchoraji amekificha kisa cha pili ndani ya kile cha kwanza.

Cha tatu ni krateri iliyochorwa na Euphronios na kufinyangwa na Euxitheos yapata 515 K.K., kwa mtindo wa maumbo mekundu. Pigano limekwisha. Sarpedon, mwana wa Zeus, ameuawa na Patroclus, na Zeus mwenyewe hakumwokoa. Ndugu wawili wenye mbawa, Usingizi na Kifo, wanauinua mwili wake mkubwa ili kuupeleka kwao Lycia, naye Hermes anasimamia. Damu ingali inatiririka kutoka kwenye majeraha. Tukikizungusha chombo, upande wa pili tunawakuta vijana wa kawaida wakivaa silaha kwenda vitani. Mchoraji hakutoa maelezo yoyote. Ameweka tu maiti upande huu na vijana upande ule, na mtumiaji wa chombo akalazimika kukizunguka. Chombo hiki kina kisa chake pia: kilichimbwa kinyume cha sheria nchini Italia, kikauziwa Metropolitan Museum ya New York mwaka 1972 kwa dola milioni moja, kikarudishwa Italia mwaka 2008. Sasa kiko Cerveteri, karibu na kilikochimbwa.

Sura ya adui

Sarpedon alipigana upande wa Troy. Kwa Wagiriki alikuwa adui. Hata hivyo, mmoja wa wachoraji wao bora alitumia ustadi wake wote kumpa adui huyo mazishi ya heshima. Jambo hili linatuelekeza kwenye swali la usawiri wa wahusika: je, anayeshindwa huchorwaje?

Si kila mara alichorwa kwa heshima. Euphronios huyo huyo alichora krateri nyingine, iliyoko Louvre jijini Paris, ambamo Heracles anapigana mweleka na Antaios, jitu la Libya. Nywele na ndevu za Heracles zimetengenezwa nadhifu. Za Antaios ni matimutimu, meno yake yako nje, na mkono wake mmoja umelegea. Hadhira inaelekezwa nani mstaarabu na nani mshenzi kwa nywele tu. Mbinu hii tunaikuta katika masimulizi mengi ya vita popote duniani, ambapo adui hupewa sura mbaya ndipo kuuawa kwake kusituume. Mwanafunzi afundishwe kuitambua kila aionapo, hata katika kazi anazozipenda.

Mfano wenye utata zaidi ni Memnon, mfalme wa Waethiopia, aliyekuja kuisaidia Troy na kuuawa na Achilles. Kwa Wagiriki wa kale, jina Ethiopia halikuwa na mipaka ya nchi tunayoijua leo. Lilitaja nchi za mbali za watu weusi. Katika amfora nyingine ya London inayohusishwa na Exekias, Memnon anasimama kati ya watumishi wake wawili. Watumishi wamechorwa kwa sura za Kiafrika zilizotazamwa kwa makini. Memnon mwenyewe amevikwa silaha na umbo la askari wa Kigiriki. Yaani, Mwafrika aliruhusiwa kuonekana Mwafrika alipokuwa mtumishi, lakini alipokuwa jagina alivishwa sura ya wenye kusimulia. Wapo watakaosema kuwa hii ilikuwa kaida tu ya uchoraji, kwani majagina wote walichorwa hivyo. Ni kweli. Lakini kaida nazo huhakikiwa.

Pamoja na hayo, kisa cha Memnon kilizaa mojawapo ya michoro yenye huruma kuu. Katika kikombe cha mchoraji Douris, cha yapata 490–480 K.K., kilichoko Louvre, Eos, mungu wa kike wa alfajiri na mama yake Memnon, anaiinua maiti ya mwanawe. Mwili umelegea mikononi mwake. Hapa vita havina mshindi. Pana mama na mwanawe.

Wasiobeba silaha

Mpaka hapa tumewaangalia wapiganaji. Haidria iitwayo Vivenzio, iliyochorwa na fundi ajulikanaye kama Mchoraji wa Kleophrades, inatupeleka kwa wengine. Ilipatikana Nola, sasa iko Naples, nayo ni ya yapata 480 K.K. Mabegani mwake kunazunguka usiku wa kuangamizwa kwa Troy. Mzee Priam, mfalme, ameketi juu ya madhabahu. Maiti ya mjukuu wake iko magotini pake. Amekishika kichwa chake kwa mikono, na Neoptolemus, mwana wa Achilles, amemwinulia upanga. Cassandra ameikumbatia sanamu ya Athena huku Mgiriki akimvuta. Wanawake wamejiinamia. Hata mtende umepinda.

Ila mwanamke mmoja hakujiinamia. Ameshika mchi, chombo cha jikoni, na anamshambulia nao askari wa Kigiriki mwenye silaha kamili, naye askari amejikunyata chini. Pembeni kabisa kuna wanaookoka: Aeneas amembeba babake mzee mgongoni, na upande mwingine bibi kizee Aithra ameonwa na wajukuu wake waliokuja kumchukua.

Tuzingatie kuwa mchoraji ni Mgiriki, na waliouteketeza mji ni Wagiriki. Angeweza kuchora farasi wa mbao, au majemadari wakishangilia. Alichagua madhabahu yenye damu. Mwaka 480 K.K. Waajemi waliiteka Athens na kuyachoma mahekalu yake, na wataalamu kadhaa wameuhusisha mchoro huu na msiba huo. Hatuwezi kuthibitisha kuwa mchoraji aliuchora baada ya tukio hilo. Lakini ni wazi kuwa alijua kuwa ushindi unaosifiwa upande mmoja una mtoto aliyekufa upande wa pili, na aliwalazimisha wenzake walitazame jambo hilo kila wanapouona mtungi.

Darasani

Mwalimu atauliza: haya yanamsaidiaje mwanafunzi wa shule ya upili anayesoma utendi au mughani? Yanampa maswali manne anayoweza kuyatumia kwa kazi yoyote yenye pigano. Kwanza, mtunzi amekaa kwenye nukta gani kwa muda mrefu zaidi: kabla, wakati au baada ya pigano? Pili, uso wa nani umeachwa wazi na wa nani umefunikwa, yaani tunazijua fikira za nani? Tatu, anayeshindwa ana sura gani, na sura hiyo inatutaka tuhisi nini? Nne, ni nani waliopo bila silaha, na mtunzi amewapa nafasi au amewapita?

Zoezi moja linatosha kuanzia. Mwalimu achukue kisa cha Fumo Liyongo, ambacho wanafunzi wengi wanakijua na ambacho Muhamadi Kijumwa alikitungia utenzi. Awaambie wanafunzi wajifanye wachoraji wenye ubavu mmoja wa mtungi. Kila mmoja achague nukta moja tu ya kifo cha Liyongo na kuichora kwa penseli, au kuieleza kwa aya moja ikiwa hana mkono wa kuchora. Kisha atetee uteuzi wake.

Mmoja atachora sindano ya shaba ikikaribia kitovu cha baba aliyelala. Huyo amesema kuwa hiki ni kisa cha usaliti, na mhusika wake mkuu ni mwana. Mwingine atachora Liyongo amepiga goti kisimani, uta mkononi, amekwisha kufa na watu hawathubutu kusogea. Huyo amesema kuwa hiki ni kisa cha ushujaa unaozidi uhai. Wa tatu atawachora watu wa mji wakiwa na mitungi mitupu. Huyo amewaona wasiobeba silaha. Wa nne atamchora mama akiitwa aje amtulize mwanawe, ambaye kumbe ni maiti. Huyo amesema, kama Douris alivyosema juu ya Eos, kuwa mwisho wa vita ni msiba wa mama. Wote wanne wamehakiki. Hakuna hata mmoja aliyesimulia tu. Na mwalimu hatakuwa na jibu moja la kuweka alama ya vyema; atapima jinsi kila mmoja alivyoutetea uteuzi wake kwa ushahidi wa matini.

Tahadhari moja inafaa kutolewa. Tusiyafanye masimulizi ya Kiswahili yaonekane kuwa kivuli cha yale ya Kigiriki, wala tusidai kuwa moja limetokana na jingine kwa sababu tu yote mawili yana jagina asiyepenyeka kwa silaha. Motifu zinazofanana huzuka katika jamii zisizojuana. Tunachokiazima hapa ni namna ya kutazama, wala si kipimo cha ubora.

Hitimisho

Makala haya yamejadili jinsi wachoraji wa vyombo vya udongo vya Ugiriki ya kale walivyovihakiki visasili vya vita kwa kuteua nukta za kuonyesha. Imebainika kuwa Exekias alipomchora Ajax akiushindilia udongo, Euphronios alipompa adui mazishi, na Mchoraji wa Kleophrades alipompa mwanamke mchi, kila mmoja alikuwa akijibu swali ambalo masimulizi yenyewe hayakulijibu: ni lipi katika vita hivi lisilostahili kusahaulika? Wanafunzi wetu wanaishi katika ulimwengu ambamo picha za vita huwafikia kila siku, nyingine kupitia simu zilizo mikononi mwao. Kila picha ni nukta iliyochaguliwa na mtu. Mwanafunzi aliyejifunza kumwuliza mchoraji wa mtungi kwa nini alisimama pale aliposimama, hatashindwa kumwuliza mtunzi wa utenzi, wala mpiga picha wa leo. Hilo likifanyika, somo la fasihi litakuwa limemfaa hata baada ya mtihani kusahihishwa.